Kisu cha kaboni au cha stenlesi? Ulinganisho kwa mpenzi wa visu anayeishi Tanga

Mtu akianza kupenda visu, cha kwanza anachokutana nacho ni namba za ugumu wa chuma, za kipimo cha Rockwell. Kisu hiki 56, kile 62, na kwa kuwa 62 ni kubwa, anaagiza cha 62. Kinafika Tanga mwezi Machi kikiwa ndani ya ala nzuri ya ngozi. Masika yakikolea anakichomoa na kukuta bapa lina madoa ya rangi ya chungwa kuanzia kwenye mpini. Namba haikumdanganya, kisu ni kigumu kweli na kinakata kweli. Ila namba ya ugumu haisemi lolote kuhusu chumvi, na hapa kwetu chumvi imo kwenye hewa, kwenye jasho na kwenye kitoweo.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na ukali. Visu vyote vitakavyotajwa hapa, vikinolewa ipasavyo, vitapasua nyanya iliyoiva bila kuibonyeza. Mnunuzi ajiulize kwanza kisu kitalowa nini, na kitakaa na unyevu huo muda gani kabla hakijafutwa. Kwa visu vya jikoni lipo swali jingine ambalo maelezo ya kwenye boksi hayaliulizi kamwe: unakatia ubaoni au mkononi?

Kutu inayoonekana na kutu inayojificha

Chuma cha kaboni ni chuma chenye kaboni ya kutosha kukifanya kiwe kigumu kikichomwa hadi kuiva kisha kikazamishwa kwenye mafuta au maji. Stenlesi ni ndugu yake aliyeongezewa kromi, angalau asilimia 10.5. Kromi hiyo ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaokinga. Ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe, mradi hewa ipo na chumvi si nyingi.

Hapo kwenye chumvi ndipo pwani inapoharibu hesabu. Kloridi ya maji ya bahari, ya jasho na ya samaki wa ng'onda hutoboa utando sehemu mojamoja. Mahali ambapo hewa haifiki, kama ndani ya kiungo cha kisu cha kukunja au chini ya noleo (ile pete ya chuma kwenye mpini), utando hauwahi kujirudishia. Huoni kutu ya kutapakaa. Unachoona, ukitazama kwa makini, ni vishimo vyeusi vidogo kama alama za ncha ya sindano. Kishimo kikitokea juu ya bapa ni aibu tu. Kikitokea kwenye makali, hapo pana pengo, na pengo halitoki bila kusaga chuma chote cha jirani hadi usawa wake.

Chuma cha kaboni hakina subira kama hiyo. Kata ndimu, kiweke kando bila kukifuta, nenda kapokee simu. Ukirudi utakuta kivuli cha kijivu, na ukichelewa zaidi utakuta doa la kahawia. Lakini huo ndio uungwana wake: kinakuambia mapema. Ukimenya ndizi mbichi nacho, utomvu wake hukutana na chuma na kuacha weusi kwenye bapa, na ndizi zenyewe hupata alama nyeusi. Hazina sumu, ila hazipendezi mezani kwa wageni. Maembe mabichi ya achari ni hivyo hivyo.

Kadiri kisu cha kaboni kinavyotumika, bapa hupata ganda la kijivu lenye kubadilika bluu, na ganda hilo hupunguza kasi ya kutu na ile ladha ya chuma kwenye chakula. Wanaokusanya visu hulipenda, wengine hulitengeneza makusudi. Osha kisu kwa sabuni ya vyombo, kikaushe, pangusa kwa spiriti ili mafuta ya vidole yatoke, kisha kizamishe kwenye siki ya uvuguvugu kwa dakika 20 hadi 30. Suuza, kausha, paka mafuta. Usikiache humo usiku kucha. Siki inaendelea kula chuma, na makali ndiyo membamba kuliko sehemu zote, kwa hiyo ndiyo yanayoliwa kwanza. Baada ya zoezi hilo kisu lazima kinolewe upya.

Mafuta gani? Tuna bahati, jibu liko jikoni. Mafuta ya nazi hayagandi kama gundi, hayaoti utando wa kunata, na yakiingia kwenye chakula hayana neno. Asubuhi ya baridi yataonekana meupe kwenye kichupa, yakifika nyuzi 24 au zaidi yanayeyuka yenyewe. Alizeti ni mafuta mazuri ya kupikia lakini si ya kisu: yanakauka taratibu na kuacha ukoko unaonata ambao vumbi hulipenda. Kwa kiungo cha kisu cha kukunja tumia tone la mafuta ya cherehani, au likwidi parafini ya duka la dawa kama kisu hicho pia kinamenya matunda.

Jambo moja zaidi la uso wa chuma. Bapa lililong'arishwa kama kioo hukaa na chumvi kidogo kuliko lililoachwa na michirizi, kwa sababu kila mchirizi ni mfereji wa kuhifadhia unyevu. Magurudumu ya kung'arishia vyuma viwandani mengi hushonwa kwa katani, zao ambalo Tanga ilianza kulijua mwaka 1893 Richard Hindorf alipoingiza miche ya mkonge. Huenda kisu kilichokujia kutoka ng'ambo kilishapitishwa kwenye nyuzi za namna ile ile inayoanikwa Pongwe.

Cha mfukoni

Kulinganisha kwa haki kabisa ni kuchukua kisu kimoja kinachouzwa kwa vyuma viwili. Opinel namba 8 ni hicho. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na umbo limebaki lile lile: mpini wa duara wa mbao, bapa jembamba la sentimita 8.5, na bangili ya chuma inayozunguka kuzuia bapa lisikunjikie vidole. Bangili hiyo ilibuniwa mwaka 1955. Bapani utasoma CARBONE, yaani kaboni, au INOX, yaani stenlesi, basi. Mengine yote ni sawa.

Kwenye kinoo cha kaboni hukubali haraka zaidi, na makali yake huwa na ulaini fulani ambao mkono unausikia. Cha inox hudai mizunguko michache ya ziada, tofauti ambayo mtu akizoea haihisi tena. Mfukoni, pembeni ya jasho la paja, kwenye boda kutoka Ngamiani hadi Raskazone saa saba mchana, cha kaboni kitaota madoa kabla hujafika. Hapa hatusiti: Tanga nunua inox. Cha kaboni kiwe cha nyumbani, au cha rafu ya mkusanyaji.

Kasoro ya Opinel kwa hali yetu ya hewa haiko kwenye chuma, iko kwenye mbao. Mbao zinakunywa unyevu, zinavimba, mwanya wa bapa unabana na kisu hakifunguki. Usikivute kwa meno wala kwa koleo. Shika mpini, gonga kitako chake juu ya meza ngumu, upande ule wa nyuma bapa likiwa limekunjwa, nacho kitatokeza ncha ya kutosha kushika. Wafaransa wa milimani wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Dawa ya kudumu ni kushibisha mbao kabla ya masika: mafuta ya kitani ya duka la rangi, mipako miwili au mitatu, kila mmoja ukauke saa 24. Na hapa tahadhari ambayo watu huicheka hadi siku ya siku: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa ndani ya ndoo hujipasha moto chenyewe na kinaweza kuwaka. Kitandaze nje kikauke kwanza. Kama bado bapa linabana, pitisha msasa namba 240 ndani ya mwanya, kidogo kidogo.

Victorinox ni habari nyingine. Kile cha milimita 91 wanachokiita cha ofisa kilisajiliwa mwaka 1897, miaka sita baada ya kile cha askari. Makali yake yana ugumu wa 56, yaani laini kuliko wengi wanavyotarajia, na hilo limekusudiwa: hayamegeki, na mtu asiye fundi anayanoa kwa dakika tano. Ndani yake mna bisibisi, kifungulia kopo, kibanio. Hakina kufuli. Shinikizo likitoka upande wa mgongo wa bapa, linakunjika, kwa hiyo kisitumike kutoboa wala kukongoa. Mtu wa ofisini, mwalimu, dereva, fundi simu, huyu kisu chake ni hiki wala asihangaike. Kasoro yake ni vyumba vingi: mchanga wa ufukweni na chumvi vinaingia kila kona. Ukitoka baharini, kifungue vyote, kisuuze kwa maji ya bomba huku ukifungua na kufunga, kikung'ute, kikauke kivulini, halafu tone moja la mafuta kwenye kila kiungo.

Kwa anayevua kwa mshipi au anayekwenda na ngalawa, visu vya kukunja vyote viwili havifai. Kiungo kilicholowa damu ya samaki na maji ya bahari ni nyumba ya kutu na harufu. Chukua kisu kisichokunjika chenye ala ya plastiki yenye tundu chini la kutolea maji. Mora Companion ya Sweden, ya stenlesi, ina bapa la takribani sentimita 10 na unene wa milimita 2.5, mpini wa mpira usioteleza, na mteremko wa makali ulio mpana kiasi kwamba ukiulaza juu ya kinoo unakaa wenyewe kwenye pembe sahihi. Hakuna kisu rahisi kuliko hicho kwa mtu anayejifunza kunoa. Toleo la kaboni lipo. Liache Sweden.

Mkusanyaji ataniuliza Douk-Douk. Ni kisu cha Thiers, Ufaransa, tangu 1929, chembamba, chepesi, mpini wa bati lililokunjwa na mchoro juu yake, na chuma chake ni cha kaboni. Kizuri sana. Kikae ndani.

Ubaoni au mkononi

Kisu cha mpishi chenye urefu wa sentimita 20 kimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya meza, ubao mbele yake. Majiko mengi ya Tanga hayafanyi kazi hivyo. Kitunguu kinakatiwa kiganjani juu ya sufuria, mchicha unashikwa fungu na kukatwa kuelekea kwenye kidole gumba, mkataji ameketi kwenye kigoda. Kidole gumba ndicho ubao. Kwa kazi hiyo kisu kirefu ni mzigo: ncha iko mbali, uzito uko mbele, mkono unachoka. Kinachotakiwa ni bapa la sentimita 8 hadi 10, jembamba, lenye mpini mwepesi.

Na ukali? Hapa wapenzi wa visu huumiza watu. Mama aliyezoea kukatia kwenye gumba hupima nguvu yake kwa kisu alichonacho, ambacho mara nyingi ni butu kiasi. Ukikichukua jioni na kukirudisha kinanyoa nywele, kesho yake kitunguu kinaisha na kisu hakisimami. Ukimnolea mtu kisu, mwambie, tena kabla hajakigusa: "Shikamoo mama, kisu nimekinoa, leo katia ubaoni." Kwa kisu cha kukatia mkononi, kinoo namba 400 kinatosha, na pembe kubwa kidogo.

Mwenye ubao anaweza kupanda hadi sentimita 18 au 21. Ubao uwe wa mbao au wa plastiki. Sinia la bati, sahani ya udongo na kigae huua makali ndani ya mlo mmoja, hata yawe ya Japani.

Cha mhunzi, cha kiwandani, cha Japani

Kisu cha mhunzi hutoka kwenye springi ya gari. Ni malighafi nzuri kuliko sifa zake: chuma cha springi huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6 na kromi kidogo isiyofikia hata asilimia moja, kwa hiyo ni chuma cha kaboni kwa maana zote, kigumu cha kutosha na hakivunjiki ovyo. Ubora wake unategemea moto. Chuma kikifika kwenye wekundu ambao sumaku haikishiki tena, karibu nyuzi 770, kinahitaji kupandishwa kidogo tu juu ya hapo, kama 830, ndipo kizamishwe kwenye mafuta. Mhunzi anayezamisha springi kwenye maji anacheza kamari, nyufa hutokea, nyingine hazionekani hadi siku kisu kinapogawanyika. Baada ya kuzamishwa lazima kipashwe tena taratibu hadi karibu nyuzi 200, uso wake ugeuke rangi ya majani makavu. Asipofanya hivyo makali yatamegeka kama kioo. Akipitiliza hadi bluu, yatakunjika kama bati.

Namna ya kumkagua mbele ya fuawe lake ni rahisi. Chukua tupa ndogo, ipitishe kwa upole kwenye makali: ikiteleza kama kwenye kioo, kisu kimeiva, ikiuma na kutoa unga, ni laini. Kitazame kwa urefu kuanzia mpini, jicho moja limefungwa, kama kimepinda utaona. Kigonge kwa ukucha, mlio mkavu wa kukatika katikati unaweza kuwa ufa. Tazama pia unene nyuma ya makali. Hapo ndipo visu vingi vya wahunzi wetu hushindwa: milimita 3 za mgongo si tatizo, tatizo ni pale unene unaposhuka hadi milimita moja tu karibu na makali, kisu kinapasua karoti badala ya kuikata. Mwombe aendelee kukisaga hadi unene ubaki nusu milimita au pungufu juu kidogo ya makali, na mlipe kwa kazi hiyo. Ukifika nacho nyumbani kioshe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kwa kuwa mafuta ya kuzamishia mara nyingi ni oili chafu ya injini.

Vya kiwandani vya stenlesi vinagawanyika makundi mawili. Kuna vya Ulaya na Brazil, kama Victorinox na Tramontina, ambavyo kwa kawaida ni vya chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.5 na kromi asilimia 13 hadi 15, ugumu wa 54 hadi 57. Hivi ni punda wa jikoni. Kisha kuna Kiwi ya Thailand, na hapa simaanishi ile ya viatu. Bapa lake ni jembamba kama karatasi ngumu, chuma chake ni laini, bei yake ni ndogo, na kwa kukata vitunguu na pweza aliyechemshwa vipande vyembamba kinaaibisha visu vya bei mara kumi. Kinapoteza makali upesi, na kinayarudisha upesi vilevile. Usikipeleke kwenye mfupa wala kwenye nazi.

Kosa moja la kila nyumba kuhusu stenlesi: kusugua kwa stilwaya. Chembe za chuma cha kawaida hubaki zimenasa kwenye bapa, zinapata kutu zenyewe, na mwenye kisu anadhani ameuziwa feki. Tumia sifongo.

Halafu vya Japani. Santoku, sentimita 16 hadi 18, ndicho kinachokaribia zaidi mahitaji ya nyumba yenye ubao. Chuma kinachosifiwa ni kile cha karatasi nyeupe, shirogami, kilichoitwa hivyo kwa rangi ya karatasi kinakofungiwa, chenye kaboni zaidi ya asilimia moja na kromi karibu hakuna. Ugumu wake hufika 60 na kupita, pembe ya makali nyuzi 10 hadi 15 kila upande. Hakuna kitakachokata nyanya vizuri zaidi. Hakuna pia kitakachomegeka haraka zaidi ukikipitisha kwenye uti wa nguru. Ukikitumia kwa samaki, kifanye kazi ya minofu tu, na uti ukatwe kwa panga au kisu kizito cha mhunzi, tena kwenye kiungo kati ya pingili na pingili. Ukivutiwa na visu vyao vya kunolewa upande mmoja, kama deba na yanagiba, ujue upande ule usio na mteremko haunolewi kwa pembe hata siku moja. Unalazwa tu juu ya kinoo kuondoa mkunjo, yaani chuma kinachojikunja makalini wakati wa kunoa. Anayevinoa pande zote mbili ameshaviua.

Sasa vikae pamoja juu ya meza, asubuhi umerudi Deep Sea na kilo mbili za changu na kipande cha nguru, gunia la karoti na kabichi limeshuka kutoka Lushoto, na kuna nazi tatu. Magamba na matumbo ya changu: kifupi cha stenlesi, kwa sababu kitakaa na damu na chumvi hadi samaki wa mwisho, na hakuna atakayekifuta kati ya mmoja na mwingine. Uti wa nguru: cha mhunzi, kizito. Kabichi na karoti: cha mhunzi chembamba au santoku, kitambaa kikavu begani, futa kila ukibadilisha zao. Ndimu: stenlesi. Nazi: mgongo wa panga kuipasua, mbuzi kuikuna, na vipande vya kubandua kwenye kifuu vibanduliwe kwa kisu cha mezani kisicho na makali. Ncha nyingi nzuri zimevunjikia kwenye kifuu.

Ukitaka kuanza na fedha kidogo, nunua kifupi cha stenlesi, halafu kinoo, halafu cha mhunzi. Santoku ije mwaka wa pili, ukishajua kama wewe ni mtu wa kufuta au mtu wa kusahau.

Kinoo chako au fundi wa baiskeli

Fundi anayezungusha gurudumu kwa kanyagio anapita mtaani, bei yake ni ndogo, na kwa panga au jembe ni msaada mkubwa. Kwa kisu chembamba ni hatari, kwani gurudumu ni kavu. Cheche zile ni joto, na makali ni membamba, hayana pa kulipeleka. Ukiona ukanda wa bluu kwenye makali ya kisu cha kaboni, pale pamefika karibu nyuzi 300 na ugumu umetoka. Kitakata siku mbili, kisha kitakunjika, utakirudisha, kitapungua tena. Kama lazima kiende kwake, kaa naye na kopo la maji, kizamishwe kila baada ya pito moja au mawili, na bapa lisimame likiwa la kushikika kwa kidole.

Kinoo cha maji namba 1000 kinatosha kwa mwaka mzima. Ukikosa, msasa wa maji wanaotumia mafundi rangi wa magari, namba 400, 1000 na 2000, ukibandikwa kwa maji juu ya kipande cha kioo kinene, unafanya kazi ileile. Juu ya msasa vuta tu kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia. Ukisukuma makali mbele utauchana.

Pembe ipime kwa rula mara ya kwanza. Kisu chenye upana wa sentimita 4 kwa pembe ya nyuzi 15, nyanyua mgongo sentimita 1 juu ya kinoo. Kwa nyuzi 20, sentimita 1.4. Kisu cha mfukoni cha upana wa sentimita 2, nyuzi 20 ni milimita 7. Loweka kinoo hadi viputo viishe, kama dakika 10. Noa upande mmoja tu, sehemu baada ya sehemu, mpaka ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje upande wa pili usikie mkwaruzo: ni chuma kilichosukumwa na kujikunja. Mkunjo huo lazima usikike kutoka kisiginoni hadi nchani. Ndipo ugeuze. Ukishaupata upande wa pili, badilisha upande kila pito, ukipunguza uzito wa mkono hadi uzito wa kisu chenyewe, pito kumi hivi. Malizia kwa mkanda wa ngozi uliovutwa kwa nguvu, mara ishirini, makali yakifuata nyuma.

Kinachokwenda kombo huwa kile kile. Aliyeacha kabla ya mkunjo ameng'arisha mabega ya makali tu, kisu kinang'aa na hakikati. Aliyebaki na mkunjo anapata kisu kikali asubuhi, butu mchana, kwa sababu kile kilichokuwa kinakata ni kile kipande cha chuma laini, nacho kimelala. Kinoo kikiingia bonde katikati, pembe inapotea hata mkono ukiwa imara. Kilaze juu ya kigae chenye msasa namba 120 na ukisugue hadi mistari ya penseli uliyochora juu yake ifutike yote.

Lile fimbo la chuma la wauza nyama halinoi, linanyoosha makali yaliyolala. Kwa visu vya 54 hadi 57 ni rafiki mkubwa, mapito matatu kila upande kabla ya kazi. Kwa cha Japani cha 62 lisikaribie.

Kuviweka

Ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Ngozi hushika unyevu na chumvi, na dawa za kutengenezea ngozi zenyewe huanzisha kutu. Boksi la sifongo lililokuja na kisu halina tofauti. Paka mafuta ya nazi kwa kitambaa, membamba kiasi kwamba kidole kinaacha alama lakini hakilowi, viweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya vidonge vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vidonge vikishiba havinyonyi tena. Vimimine kwenye sinia, vipashe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, virudishe. Kipindi cha masika fanya hivyo kila mwezi. Kiangazi unaweza kupitiliza.